Chumvi ya Kiwanda

Gatongora, Ruiru
Jumapili mchana, 1996

Nekesa mama,

Umeenda Kahawa Sukari kumuaga senge yako, na najua hutarudi kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu dada ya baba yako akianza kuongea hata chai inapoa. Baba yako yuko nje. Nimefunga mlango wa jikoni, nimekaa juu ya debe, na karatasi hizi nimezichana nyuma ya daftari lako la zamani la hesabu. Zilikuwa bado safi. Usikasirike.

Mambo ya blanketi, na sabuni, na kufunga sanduku kwa kufuli, baba yako ameshakuambia mara tatu na kesho ataanza upya. Mimi hapo sina la kuongeza.

Nina jambo moja tu. Nimejaribu kulisema kwa mdomo tangu ile barua ya chuo ifike, na kila nikifungua mdomo linatoka jambo lingine. Juzi nilikuita nje, ukaja mbio, ukauliza, "Mum, ni nini?" Nikakwambia uanue nguo. Nguo zenyewe zilikuwa bado mbichi. Uliniangalia, ukazianua hivyo hivyo, ukazirudisha tena saa moja baadaye.

Basi naandika. Ni habari ya ndugu yako mdogo, Wafula. Nitaanza na lile la mwisho, ili hata ukiitupa hii barua katikati uwe umeshalisoma.

Si wewe uliyemuua Wafula. Hukuchukua mbolea. Ulichukua chumvi kutoka kwa mkebe wa chumvi, vile nilikutuma. Kilichokuwa ndani ya ule mkebe nilikiweka mimi. Nimelijua hilo miaka kumi na moja.

Sasa nieleze. Nitaeleza polepole, kwa sababu wewe unaenda kusomea kemia na utataka kujua kila kitu kilikuwa wapi, na mimi nilikuwa mpimaji, nimezoea kutaja kila kitu kwa mahali pake.

Kile kiwanda cha nguo cha Thika wewe unakikumbuka kwa harufu ya aproni yangu. Kazi yangu ilikuwa chumba cha rangi, na hasa ile nyekundu ya leso. Mwaka jana ulinichorea kwa kidole kwenye unga wa chapati, ukaniambia, "Mum, ona, hizi naitrojeni mbili zimeshikana hapa katikati, na hapo ndipo rangi inakaa." Nilicheka. Miaka tisa nilipika ile nyekundu na sikuwahi kusikia habari ya naitrojeni. Sisi tulijua tu kwamba kitambaa kinapita kwanza kwenye dawa moja, kinatoka na manjano fulani mbaya, halafu kinaingia kwenye bafu la pili, na hilo la pili lazima liwe baridi la kuumiza vidole. Hapo ndipo palikuwa pangu. Napima unga, natia asidi, namwaga barafu, halafu naanza kutia naitraiti kidogo kidogo huku nakoroga. Barafu ikipungua, yote yanaharibika. Inaanza kutoa mapovu, na unabaki na uji wa kahawia usiofaa hata kuosha sakafu. Sasa wewe umenifundisha kwamba yale mapovu ilikuwa naitrojeni inarudi hewani. Sawa. Sisi tulisema dawa imekimbia. Lakini ikikaa baridi, kitambaa kikigusa tu, nyekundu inatokea hapo hapo, na hata baada ya miaka tisa nilikuwa bado nasimama kidogo kuitazama.

Nilikuwa mpimaji mzuri. Hilo nalisema bila aibu. Mfukoni nilikuwa na vile vikaratasi vyeupe vya kujaribu. Unachovya tone, kikigeuka buluu nyeusi ujue naitraiti imetosha. Wengine walichovya mara tano. Mimi nilikuwa nachovya mara moja kuhakikisha tu, kwa sababu nilikuwa najua tayari. Msimamizi alikuwa anawaambia wageni, huyu mama mizani iko kwa mkono wake.

Naitraiti ni unga kama chumvi. Ukiiweka kwa kiganja huwezi kuitofautisha na chumvi iliyoshika unyevu, ila ina umanjano kidogo, kidogo sana, na lazima uwe umeizoea.

Na chumvi yenyewe pia ilikuwepo. Rangi zile zingine, za buluu na kijani, hazikubali kushika pamba bila chumvi, na hiyo ni chumvi hii hii ya kula, inakuja kwa magunia, yanapangwa ukutani hadi juu. Sasa, mwanamke ana watoto nyumbani, anasimama kutwa nzima mbele ya ukuta wa chumvi. Unafikiri atapita dukani kununua chumvi? Sisi wote tulibeba. Kikombe kimoja, kwa bakuli la chakula, mara moja kwa mwezi. Tuliiita chumvi ya kiwanda. Askari wa getini alijua, na bibi yake alikuwa anapelekewa yake. Ile mistari yetu ya nyumba pale Kamenu, nakuhakikishia, hakuna sufuria iliyopikwa na chumvi ya duka. Hakuna aliyeona ni wizi. Hata mimi leo nikiandika neno wizi naona ni kubwa kuliko kitu chenyewe.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mtaro wa chumba cha rangi uliziba na maji yakajaa sakafuni, mpaka kwenye gamboti. Wanaume wakahamisha magunia haraka, wakayapandisha yote kwenye jukwaa moja la mbao, la chumvi na la naitraiti, vyovyote tu, mengine yameandikwa na mengine maandishi yameloa. Karibu na saa nane, shifti inaisha, nikamsikia Wanjiru, yule jirani yetu wa mlango wa pili, ananiita: "Mama Nekesa, harakisha! Askari wetu anabadilishwa sasa hivi, yule mwingine anapekua!" Nikachota. Sikuangalia gunia. Mimi, mwenye mizani mkononi, nilichota nikiangalia mlango.

Kama ingekuwa hilo peke yake, Nekesa, pengine ningekuwa nimekwambia zamani. Mtu hukosea akiwa na haraka. Hilo hata wewe ungelielewa ukiwa na miaka kumi.

Lakini nilifika nyumbani. Nikachukua ule mkebe wa chumvi, uliokuwa umeisha, nikamimina karibu na dirisha. Na jua lilikuwa linaingia pale. Nikaona umanjano.

Niliona. Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote mpaka leo asubuhi. Mkono wangu ulisimama. Nikafikiri, hii ni kama ile. Halafu nikafikiri, labda ni unyevu, labda ni gunia lilikuwa chafu. Karatasi za kujaribu zilikuwa mfukoni kwangu, hapa, kwa aproni niliyokuwa nimeivaa. Ningetumia muda gani? Wafula alikuwa analia anataka kubebwa, miguu yangu ilikuwa imevimba ndani ya gamboti tangu alfajiri. Nikasema nitaangalia kesho. Nikafunika mkebe, nikaurudisha kwenye rafu yake. Jioni tulikula ugali na maziwa mala na hakuna aliyehitaji chumvi.

Alhamisi nilikuwa na shifti mbili. Nilichemsha maharagwe kabla hakujapambazuka, na nilipokuwa natoka nikakuamsha nikakwambia, ukitoka shule yakaange, tia kitunguu na nyanya, chumvi vijiko viwili vidogo, umpe Wafula mapema. Ulikuwa darasa la tatu. Ulisema, "Ndio, Mama," na macho yako yamefumba. Kesho ya kuangalia ilikuwa imefika na sikukumbuka. Nasema kweli, sikukumbuka hata kidogo.

Wanjiru ndiye aliyesikia mlango. Ulitambaa mpaka kwake ukagonga. Alivyonisimulia, alifikiri mnacheza na wino, kwa sababu midomo yenu ilikuwa buluu na kucha pia. Aliomba pikapu ya muuza maziwa ikawapeleka hospitali, na mtu akatumwa kiwandani kuniita. Baba yako alikuwa safari, unakumbuka wakati huo aliendesha lori la kahawa mpaka Mombasa. Nilikimbia na gamboti zangu. Nilipofika, Wafula alikuwa ameshafunikwa.

Sikulia. Watu walisema baadaye nina moyo mgumu. Sio ugumu. Kulikuwa hakuna kitu kabisa, Nekesa, ni kama mtu amezima taa ndani akaenda nayo. Niliuliza, "Na huyu mwingine?" nikaonyeshwa kitanda chako.

Daktari alikuwa kijana, nafikiri mgeni kazini. Alivuta damu yako kwa sindano, akaidondosha kwa pamba, akaipepea hewani. Ilikuwa kahawia, rangi ya kakao. Akapepea tena. Haikugeuka. Akamwambia nesi, "Hii damu haishiki hewa," akakimbia mwenyewe kutafuta dawa. Alirudi na kichupa cha dawa ya buluu. Mimi nimefanya kazi na buluu za kila aina, na ile niliijua mara moja kwamba ni rangi. Nilimwona akiisukuma kwenye mshipa wako na nikafikiri, sasa wanampaka mtoto rangi. Ndiyo ile ile methilini bluu uliyokuja kuniambia ukiwa fomu tatu, kwamba mmeitumia shuleni kupaka chembe za shavu ili zionekane chini ya darubini. Ulikuwa na furaha kweli siku hiyo. Uliongea mpaka ugali ukapoa. Nikatoka nje nikajifanya naenda kuteka maji.

Ilifanya kazi. Haikumaliza saa moja, midomo yako ikarudi kuwa midomo. Siku mbili ulikojoa kijani na ukanililia kwamba unaoza ndani. Nikakwambia ni dawa tu inatoka. Siku hizo mbili hilo peke yake ndilo neno la kweli nililokwambia.

Kwa sababu daktari alipomaliza alinigeukia, akaniuliza walikula nini. Nikasema maharagwe. Akauliza yalipikwa na nani, na ndani kuliwekwa nini, kwa sababu kuna kitu kimegeuza damu ya hawa watoto, na kuna chumvi fulani za viwandani hufanya hivyo, na mbolea pia inaweza. Alitaja vyote viwili. Alivitaja kwa mfuatano huo, kiwanda kwanza, mbolea pili.

Nilikuwa nimevaa aproni ya kiwanda, ina madoa mekundu mpaka magotini.

Nikasema, "Mtoto ndiye alipika. Tuna mbolea ya shamba kwa nyumba. Lazima alichukua hiyo."

Nataka ujue nilifikiria nini, maana nimekuwa na miaka mingi ya kujidanganya juu ya hilo. Nilijiambia nawalinda akina Wanjiru, wote wangefutwa kazi. Nilijiambia askari atafungwa. Hayo nilikuja kuyafikiria baadaye, nikitembea kurudi nyumbani. Pale pale kando ya kitanda nilifikiria kitu kimoja: mimi nitafungwa, na mtoto wa miaka tisa hafungwi. Ni hivyo tu. Haikuchukua muda wowote.

Na wewe ulikuwa macho. Sijui kama unakumbuka. Ulikuwa na mpira puani, na ulisema kwa sauti ndogo, lakini ulisema vizuri, "Mama, nilitoa kwa mkebe wa chumvi." Daktari akakutazama, akanitazama mimi. Nikaweka mkono juu ya paji lako nikasema, "Nyamaza, mama. Pumzika."

Hukusema tena. Wiki iliyofuata baba yako alipokuuliza, ulisema hukumbuki. Mwezi uliofuata ulisema labda. Na ulipofika darasa la tano nilikusikia ukimwambia rafiki yako pale kwenye mfereji, "Mimi nilichanganya chumvi na mbolea, ndugu yangu akakufa." Ulilisema kama mtu anayetaja kabila lake. Nilikuwa nyuma ya ua na beseni. Nikaendelea kuanika.

Asubuhi ya Ijumaa nilirudi nyumbani peke yangu. Nikachukua mkebe, nikaweka chembe chache kwa sahani, nikakamulia ndimu kwa sababu karatasi ile inataka uchachu, nikachovya. Buluu nyeusi. Hata sikushtuka. Nikamwaga chumvi yote chooni, nikaosha mkebe kwa maji ya moto mara tatu, nikaenda kutafuta jeneza.

Tulimzika kwao Bungoma. Unakumbuka kule, kwa hiyo sitaandika mengi. Lakini ile siku ya pili, kukhu yako, mama yake baba yako, alipokuona umeshika mwiko jikoni kwake unakorogea wageni uji, akakunyang'anya, akasema mbele ya wanawake wote, "Huyu asikaribie sufuria zangu." Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, hatua tatu kutoka hapo. Nikaangalia mikono yangu. Tangu siku hiyo ukienda kwa kukhu unafagia na unachota maji, na hujawahi kuwasha moto kwake. Senge zako wanakupenda, sikatai, lakini wakikupakulia chakula wanakupakulia kama mgonjwa.

Siku ya nne baada ya mazishi nilirudi kazini. Nikapima naitraiti. Nyekundu ilitoka sawasawa. Nilifanya hivyo miaka mingine mitano, mpaka mitumba ikajaa sokoni na kiwanda kikaanza kutupunguza kumi kumi, ndipo tukahamia huku Ruiru. Unaona ni kitu gani nilikuwa nimekuwa. Nilikuwa nikisubiri siku itakayonishinda kushika ile ndoo, na haikuja.

Mwaka juzi nilienda kliniki na maumivu ya mkojo. Nesi akachovya kijikaratasi kwenye chupa, kikageuka waridi. Akaanza kunieleza kwamba kuna wadudu kwenye kibofu, kwamba wale wadudu hutengeneza naitraiti. Nikamwambia, na hicho kikaratasi ni ile nyekundu ya leso, dada, mnaipika kwa kiasi kidogo tu. Alidhani nina homa. Nilirudi nikakusimulia, ukafurahi, ukaleta kitabu, ukanionyesha kwamba ndivyo kabisa, naitrojeni zile zile mbili. Ukasema, "Mum, wewe ungekuwa mwanasayansi." Nilitamani sana unipige.

Wewe hutii chumvi kwa chakula. Tangu Kamenu. Unapika vizuri kuliko mimi, kila mtu anajua, lakini chumvi unaiweka mezani kwa kijisahani na kila mtu ajitilie. Wageni wanadhani ni mambo ya shule, ya afya. Baba yako hutania, "Kwa Nekesa kila mtu ni mpishi." Wewe hucheka. Mimi najitilia na kula.

Halafu wiki iliyopita, nikiwa pale uani natia suruali za watu rangi nyeusi, ulikuja ukachutama karibu na sufuria ukaniuliza, polepole, "Mum, ile mbolea ya Kamenu ilikuwa gani? Ilikuwa CAN?" Nikasema nafikiri. Ukasema, "Kwa sababu nimesoma, na ya CAN haifanyi damu hivyo haraka. Si kwa vijiko viwili. Si kwa mtoto wa miaka tisa." Nikakoroga. Ukasema, "Ndio maana nilichagua kemia. Nataka tu kujua niliweka nini."

Kwa hivyo sitajisifu kwamba nimeamua kusema kweli. Ungejua mwenyewe kabla ya Krismasi. Siku moja ungefungua chupa huko maabara, ungeona ule umanjano, na ungekumbuka aproni yangu. Nimeogopa hiyo siku kuliko hii. Nataka ulipate kwangu, na nikiwa karibu, ili kama kuna la kunirushia nisiwe mbali.

Leo asubuhi kabla ya kanisa nilimwambia baba yako. Nilimwambia yote, hata la dirisha. Alikuwa anapiga viatu rangi. Aliendelea kupiga kile kiatu kimoja mpaka nikaona atakitoboa. Halafu akasema, "Miaka hii yote nimekuwa nikimsamehe." Nikauliza nani. Akasema, "Mtoto. Kila asubuhi nikimwona najiambia, msamehe, alikuwa mdogo. Nimemsamehe kila siku, Mama Nekesa. Nilikuwa namsamehe nini?" Akavaa viatu akaenda kanisani bila mimi. Amerudi, amekula, ameongea na mimi habari ya gari la kesho. Lile lingine hajalitaja. Yuko uani sasa, anatengeneza bawaba ya sanduku lako ambayo haikuwa imeharibika.

Watu wakiandika barua kama hii hutoa mawaidha. Mimi nina machache na si mazuri. Ukiona kitu na mkono ukasimama wenyewe, angalia wakati huo huo, hata kama umechoka, hata kama mtu analia. Usiseme kesho. Na ukisema uwongo ukiwa na hofu, utapata nafasi ya kuurudisha siku ya kwanza, na ya pili, na hata ya mwezi wa kwanza, na kila siku inayopita bei inapanda, na mtu anayelipa si wewe. Hayo mawili ndiyo ninayojua. Mengine waulize walimu.

Sikuombi unisamehe. Umeona vile baba yako amechoka na kazi hiyo. Na sijui kama nasikia majuto vile mtu anatakiwa kuyasikia. Nikijigusa ndani bado ni pale pale pa giza. Ninachojua ni kwamba nakupenda, na kwamba nilikuacha pale kitandani ubebe kitu changu, na ukakibeba, na ukapata alama nzuri ukiwa nacho mgongoni. Sijui uliwezaje. Haki sijui.

Sasa, habari ya kesho. Wewe unafikiri nakusindikiza Eldoret kukubebea sanduku, halafu nirudi. Tiketi yangu si ya Eldoret, ni ya Bungoma. Ukishuka mimi naendelea. Naenda kwa kukhu, na nimetuma neno senge zako wa nyumbani waje Jumanne, na mzee wa kanisa, na wale wanawake waliokuwa mkekani, wale ambao bado wako hai. Nitasimama niseme nilichota nini, niliona nini, na nilimsingizia nani. Nitasema kwa Kibukusu, kila mtu asikie, na nitakutaja kwa jina.

Hii barua nitakupa mkononi leo ukiingia. Isome hapa nyumbani, usiisome barabarani. Kama ukimaliza hutaki kukaa kiti kimoja na mimi kesho, nitakaa nyuma, hutanisikia.

Lakini chuo kinafungua Alhamisi. Nimeuliza kwa ofisi ya basi, na wamesema tiketi yako inaweza kuongezwa mpaka Bungoma kabla ya saa mbili asubuhi. Kama unataka kuwepo nikisema, uje. Kama hutaki, nitasema vilevile, na ukifika huko siku yoyote utakuta wameshajua.

Mama